Sikio Lile Lile

Juni 2018, televisheni ya Korea Kusini ilimwonyesha binti wa miaka 22 akila utumbo wa ng'ombe peke yake. Kipindi kinaitwa Na Honja Sanda, yaani Naishi Peke Yangu, na kazi yake ni kuwafuata watu mashuhuri wanaoishi bila mume, mke wala mwenza. Binti ameketi kwenye meza ya nje, na mbele yake kuna kikaango ambamo utumbo umejikunja ukichuruzika mafuta yake wenyewe. Wakorea wanauita gopchang. Anageuza kipande, anakichovya, anakitia mdomoni, anatafuna taratibu huku akitazama mbali. Ukimwangalia unaiona njaa, kisha unaiona shibe ikiingia, na kati ya hizo mbili huoni hata chembe ya kuomba radhi.

Kipindi hicho kiliporushwa, migahawa ya gopchang ilifurika watu na utumbo ukaadimika kwa wauzaji.

Jina lake la jukwaani ni Hwasa. Wazazi wake walimwita Ahn Hye-jin, na alizaliwa Julai 1995 katika mji wa Jeonju, kusini-magharibi mwa nchi. Mwezi Juni 2014, kabla hajatimiza miaka 19, alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa mdogo kuliko wote katika kundi la wasichana wanne liitwalo Mamamoo: Solar, Moonbyul, yeye, na Wheein, rafiki yake tangu walipokuwa wanafunzi huko huko Jeonju. Kundi lilijijengea jina kwa sauti. Wakati makundi mengi yalisifiwa kwa sura na mitindo ya kucheza, hawa walisifiwa kwamba wanaimba kweli, hata kipaza sauti kikiwa hakina msaada wowote nyuma yake.

Nimeanza na mlo ule kwa sababu katika biashara ya muziki wa pop wa Korea chakula cha msichana hakiachwi kuwa shauri lake. Vijana wanaoandaliwa kuwa waimbaji huingia kwenye kampuni za burudani wakiwa wadogo, wengine hata hawajabalehe, na huko wanakaa miaka wakiwa wanagenzi. Kuna tathmini za kila mwezi: unaimba na kucheza mbele ya wakubwa, unaambiwa ulipopungua, na anayepungua mno hufungasha virago. Wengi waliopita humo wamesimulia habari za mizani, za kupimwa uzito kama mzigo unaopakiwa. Uso mdogo, ngozi nyeupe, macho makubwa, kiuno chembamba. Vipimo hivyo mtoto anavijua kabla hajajua kusoma noti za muziki.

Hwasa alipita kwenye mlango huo huo. Mwaka 2019, katika tamasha la Mamamoo, aliwasimulia mashabiki jambo aliloambiwa siku moja alipokuwa akitathminiwa: kwamba anaimba vizuri na ana upekee wake, ila ni mnene na hana uzuri. Maneno hayo yalimchoma. Kisha akaeleza uamuzi alioufikia baada ya kuchomwa, kwamba ikiwa yeye haendani na kigezo cha uzuri cha zama hizi, basi hana budi kuwa kigezo kingine.

Kauli hiyo imezunguka dunia. Mashabiki wanaipenda kwa sababu inasikika kama ngurumo, na wasiompenda wanaichukia kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nimeirudia mara nyingi kichwani, na kinachonishika ni nusu yake ya kwanza, ile inayoanza na "ikiwa". Binti huyu hakusema waliompima walikosea vipimo. Alikubali kwamba kwa rula yao yeye ni mfupi, kisha akaenda kutafuta namna ya kuishi na jibu hilo. Mtu aliyezaliwa akijiamini hana haja ya sentensi ndefu kiasi hicho. Hiyo ni kauli ya mtu aliyelala na neno moja usiku kucha, akaamka nalo, akaenda nalo kazini, mpaka siku moja akaona afadhali aligeuze kuwa kitu kuliko kuendelea kulibeba hivi hivi.

Wakorea wana maneno mawili ambayo vijana wao huyatumia sana siku hizi, jasingam na jajongam. Kwa bahati njema Kiswahili nacho kinayatenganisha: kujiamini na kujithamini. Anayejiamini anajua mkono wake unaweza kazi. Anayejithamini anajua kwamba hata mkono ukishindwa, yeye mwenyewe hajapungua kitu. Watu wanapomsifu Hwasa kwa kujiamini wanasema kweli, maana sauti yake tangu mwanzo haikuhitaji mdhamini. Ni sauti nzito, ya chini, yenye mkwaruzo, ambayo haipandi kwa kelele bali inakaa mahali pake na kukungoja uifuate. (Huko Jeolla, mkoa wa nyumbani kwao, ndiko ilikostawi pansori, ule uimbaji wa kale wa mtu mmoja na mpiga ngoma mmoja, na katika pansori sauti iliyokwaruzwa na kupasuka ndiyo inayoheshimiwa. Sijui kama kuna uhusiano wowote. Najua tu kwamba kila nimsikiapo naukumbuka mkoa ule.) Kilichomsumbua ni lile neno la pili. Kuimba alijua anaimba. Swali lilikuwa kama mwenye sauti hiyo anastahili kutazamwa.

Na alitazamwa. Desemba 2018, kwenye tuzo za muziki za MAMA zilizofanyika Japani, alipanda jukwaani na vazi jekundu la kubana lililoacha mapaja na sehemu ya makalio wazi. Usiku ule ule nchi ikagawanyika. Wapo waliosema wameona msanii aliyekomaa. Wengine walisema wameona fedheha. Mwezi Februari 2019 akatoa wimbo wake wa kwanza akiwa peke yake, Twit, nao ukapanda hadi kileleni mwa chati. Julai mwaka huo alirudi Korea kutoka Hong Kong, akashuka uwanja wa ndege akiwa na fulana nyeupe pana na hakuvaa sidiria. Kwa siku kadhaa nchi yenye mambo mengi ya kuzungumza ilizungumza habari za fulana hiyo.

Hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Mbele yake alikuwapo Sulli, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la f(x), ambaye kwa miaka alitukanwa kwa sababu hiyo hiyo ya sidiria na kwa nyingine nyingi. Wakorea wanalo neno la matusi ya namna hii, akpeul, lililoundwa kwa kuunganisha uovu na jibu. Mwaka 2019 Sulli alikuwa mmoja wa waendeshaji wa kipindi cha televisheni ambamo watu mashuhuri waliketi na kuyasoma kwa sauti matusi waliyoandikiwa. Kila nikifikiri juu ya kipindi hicho nakosa raha. Kuna mtu aliona kwamba dawa ya sumu ni kuwapa walionyweshwa waionje tena, safari hii mbele ya kamera. Sulli alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 2019 akiwa na miaka 25. Rafiki yake Goo Hara, wa kundi la KARA, alimfuata mwezi uliofuata akiwa na miaka 28.

Tarehe 31 Oktoba ya mwaka huo, Daum, moja ya milango mikubwa ya habari za intaneti nchini humo, ilifunga sehemu ya maoni chini ya habari za burudani. Siku hiyo hiyo Mamamoo walishinda shindano la televisheni la Queendom lililowakutanisha na makundi mengine ya wanawake. Machi 2020 Naver, mlango mkubwa kuliko wote, nao ukafunga. Matusi hayakufa, yalihamia kwingine. Hata hivyo kufungwa huko kulikuwa ushahidi, maana kampuni zilizokuwa zikipata wasomaji kwa njia ya maoni hayo zilikiri kwa vitendo kwamba maneno yana uzito na kuna wanaoangukiwa nayo.

Katika hali hiyo ya hewa ndipo Hwasa alipotoa Maria, mwishoni mwa Juni 2020. Maria ni jina lake la ubatizo, kwani ni Mkatoliki. Msomaji wa pwani anayejua taarabu atauelewa wimbo huu haraka kuliko wachambuzi wengi. Sisi tunaufahamu mpasho: mwanamke aliyesemwa hagombani barabarani, anavaa khanga yenye jina, anasimama ukumbini, anatunza pesa kwenye ubeti unaomhusu, na mlengwa anajua kalengwa. Maria inaanza kama mpasho. Inazungumza juu ya chuki na juu ya watu waliojaa husuda. Ghafla inageuka, na unatambua kwamba anayeitwa kwa jina si mbaya wake. Anajiita mwenyewe, kwa jina lile alilopewa kanisani ambalo mashabiki hawakuwa wakimwitia, na anamwambia huyo Maria apunguze kujitesa. Nimesikia mipasho mingi maishani mwangu, lakini ule ambao mwimbaji ameurusha ukazunguka ukumbi mzima na kurudi kumtua yeye, huo ulikuwa wa kwanza.

Ndiyo maana siwaelewi wanaouita wimbo wa majigambo. Mwenye majigambo hamwombi mtu aache kujiumiza.

Miezi michache baadaye Hwasa alipata jambo ambalo nadhani lilimfaa kuliko tuzo. Kipindi kimoja cha televisheni kiliunda kundi la muda la wanawake wanne, na yeye akawa mdogo kati yao: Uhm Jung-hwa, aliyezaliwa 1969, Lee Hyori, aliyezaliwa 1979, Jessi, na Hwasa. Uhm Jung-hwa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo mwaka 2010, na uzi mmoja wa sauti ukadhurika, kiasi kwamba kuimba kulikuwa kumegeuka kutoka kazi kuwa hofu. Mbele ya macho ya wote alirudi kwa mwalimu wa sauti kama mwanafunzi. Hwasa, ambaye kila mtu alimwona jabali, alikaa karibu na mwanamke aliyemzidi miaka 26 akamwona akitetemeka kabla ya kuimba, kisha akiimba hata hivyo. Unaweza kuambiwa mara elfu kwamba shaka haimzuii mtu kusimama. Kumwona mkubwa wako akisimama nayo ni somo la aina nyingine.

Mwaka 2023 watatu kati yao walikutana tena, safari hii katika kundi la watano, kwenye kipindi cha kuzunguka nchi: Kim Wan-sun, aliyekuwa malkia wa muziki wa miaka ya 1980, Uhm Jung-hwa, Lee Hyori, BoA aliyeanza akiwa na miaka 13, na Hwasa. Mwezi Mei msafara ulifika Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan mjini Seoul wakati wa tamasha la wanafunzi. Akiwa anaimba, Hwasa alifanya ishara ya mkono kuelekea mwilini mwake iliyorekodiwa kwa simu na kusambaa. Katika kipindi kilichorushwa haikuonyeshwa, lakini hilo halikusaidia kitu, kwani kila aliyetaka alikuwa ameshaiona.

Nitasema ninachofikiri. Ishara ile sikuipenda. Nimelelewa mahali ambapo staha ina uzito, na kama ningekuwa nimekaa pale na binti wa kaka yangu ningeangalia pembeni. Lakini kutopenda kwangu ni kwangu. Mwezi Juni chama kimoja cha kutetea haki za wanafunzi na wazazi kilipeleka malalamiko polisi kikidai ni uchafu wa hadharani, na mwimbaji akaitwa kuhojiwa kama mtuhumiwa wa jinai. Waliolalamika hawakuwa miongoni mwa waliohudhuria. Mapema Oktoba ikajulikana kwamba polisi hawakuona kosa la kulipeleka mbele, na jalada likafungwa.

Kati ya Mei na Oktoba alilia. Amelieleza mwenyewe hilo: kwamba amezoea kusemwa na kwa kawaida hatikisiki, lakini safari hii, akiwa ziarani Marekani na wenzake wa Mamamoo, aliyasoma maneno na machozi yakamshinda. Mwisho wa Juni alijiunga na P Nation, kampuni ya mwimbaji Psy, na tarehe 6 Septemba, malalamiko yakiwa bado mezani kwa polisi, akatoa wimbo wa furaha unaoitwa I Love My Body. Waliousikia bila kujua habari za nyuma waliona wimbo wa kuchangamsha. Wanaojua waliona mtu anayeimba huku faili lake likiwa kituoni.

Ni wakati huo ndipo binti wa kaka yangu aliponijia na simu mkononi. Alikuwa kidato cha pili na alikuwa shabiki wa kweli. Alikuwa amejifunza hata maneno ya Kikorea kwa kusikiliza tu. Alikuwa akitafuta habari za kesi ile akakutana na jambo jingine la zamani zaidi.

"Shikamoo shangazi. Una nafasi?"

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Akanionyesha. Ilikuwa video iliyochezwa katika tamasha la Mamamoo, Machi 2017, mzaha juu ya wimbo mmoja maarufu wa Kimarekani. Wasichana wanne, Hwasa akiwamo, wamejipaka rangi nyusoni ili wawe weusi.

"Hawa wanatucheka sisi?" akaniuliza.

Sikumjibu papo hapo. Nilimuuliza walisema nini baada ya hapo. Akasema waliomba radhi karibu mara moja, wakaandika kwamba hawakuijua historia ya jambo lile na kwamba watajifunza. Alikuwa ameshaisoma barua yote. Kilichomleta kwangu hakikuwa kukosa habari. Alitaka kujua kama anaruhusiwa kuendelea kumpenda mtu ambaye siku moja aligeuza rangi yake kuwa vazi la kuchekesha, mtu huyo huyo aliyemfundisha kwamba mwili wake yeye, mnene kidogo na mweusi, si kosa la kusahihishwa.

Historia yenyewe naijua vya kutosha. Uchafu ule ulianzia Marekani karne ya 19, wazungu wakijipaka masizi ili kuwaigiza watumwa kwa dhihaka, na ukasafiri na sinema na muziki hadi nchi ambazo hazikuwa na watu weusi wa kuwajibu. Korea yenyewe ilikuwa na kichekesho cha televisheni cha namna hiyo miaka ya 1980, kikasitishwa Seoul ilipokuwa ikijiandaa kupokea wageni wa Olimpiki ya 1988. Kwa hiyo pale nyuma kulikuwa na mtu aliyejua kwamba wageni wataumia. Na mwaka 2020, Sam Okyere, mzaliwa wa Ghana aliyekuwa maarufu kwenye televisheni za Korea, alipolalamikia wanafunzi wa sekondari waliojipaka weusi kwa ajili ya picha za mahafali, alirushiwa mawe ya maneno kutoka kila upande. Walifukua makosa yake ya zamani, na katika siku chache yeye ndiye aliyekuwa akiomba radhi. Akpeul haikumbagua Mwafrika. Ilimpokea kama ilivyowapokea wasichana wa pop.

Hapo ndipo fikra zangu juu ya Hwasa zilipobadilika, na sijazirudisha nyuma tangu siku hiyo. Nilikuwa nikimtakia, kama mashabiki wengi wanavyowatakia wapendwa wao, moyo wa chuma. Nilitaka asisikie. Nilitaka maneno yagonge na kuanguka chini. Lakini fikiria mwimbaji ambaye kweli hasikii. Aliyeambiwa ni mnene na asisikie, akaambiwa fulana yake ni aibu na asisikie, huyo akiambiwa na mtoto wa Kiafrika kwamba umeniumiza, atasikia kwa sikio gani? Hana la akiba. Lile analolifunga dhidi ya mwenye kutukana ndilo lile lile ambalo mwenye kuumizwa hulibishia hodi.

Wanaowafundisha wasanii kutojali hawasemi jambo hili. Wanasema usisome, funga simu, maneno ya watu hayaishi. Ushauri huo unaokoa maisha na kuna siku ni lazima ufuatwe. Baada ya mwaka 2019 sitamcheka anayeufuata. Hata hivyo una gharama, na gharama yenyewe hailipwi na msanii tu. Ipo shaka inayotoka kwa mtu anayetaka upungue, na ipo shaka inayotoka kwa mtu aliyepunguzwa na wewe, na usiku wa manane, ukiwa peke yako na simu, zote mbili zinauma mahali pamoja. Kuzitenganisha ni kazi ya ungo. Unarusha, unapuliza, unarusha tena, na makapi hayaruki yote kwa mrusho wa kwanza. Mwimbaji anapewa dakika ngapi za kupepeta kabla ya kupanda jukwaani?

Nikamwambia binti yangu, maana ni wangu pia, kwamba walikosea, kwamba ana haki ya kuumia hata kama wameomba radhi, na kwamba kumpenda au kumwacha ni uamuzi wake, hakuna atakayemhesabia. Nikamwambia pia kwamba mtu anayelia akisemwa vibaya bado anasikia, na anayesikia anaweza kuambiwa. Alinitazama kama mtu aliyepewa chakula ambacho hakukiagiza. Hakufuta nyimbo zake. Lakini kwa wiki kadhaa sikuzisikia zikilia chumbani.

Naona haya kidogo kwamba nilimpa jibu refu. Alikuwa na miaka 15. Pengine alihitaji tu mtu mzima akasirike pamoja naye kwa dakika tano, kisha ndiyo yaje hayo mengine.

Novemba 2025 alikuwa akifanya mtihani wa kidato cha nne, na simu yake nilikuwa nimeiweka kabatini kwangu. Siku aliyomaliza nilimrudishia, na jioni hiyo akaja kukaa nami kibarazani akiwa na video moja. Ni ya tuzo za filamu za Blue Dragon, tarehe 19 mwezi huo, katika ukumbi wa KBS mjini Seoul. Waigizaji wamekaa kwenye viti vyao kwa mavazi ya sherehe. Hwasa anatokea na gauni jeupe, anaimba Good Goodbye, wimbo wa kuagana aliokuwa ameutoa mwezi mmoja kabla. Hakuna vazi jekundu, hakuna wachezaji wa kumzunguka, hakuna miondoko ya kushtua mtu. Anaimba kwa ile sauti ya chini, anaiacha ipasuke inapotaka kupasuka. Kisha mwigizaji Park Jeong-min, aliyeigiza naye kwenye video ya wimbo huo, anajitokeza ameshika jozi ya viatu vyekundu.

"Mbona hana viatu?" nikauliza.

"Ndivyo vile anavyoletewa."

Wimbo ule ulikuwa umetoka bila kishindo kikubwa. Baada ya usiku huo ulipanda hadi nafasi ya kwanza kwenye chati za nchi nzima. Binti wa kaka yangu alinieleza hayo yote kwa fahari, kana kwamba wimbo ni wa ndugu yake. Baadaye akanyamaza, akaendelea kumtazama yule mwanamke wa miaka 30 aliyesimama miguu mitupu mbele ya watu wazuri kuliko wote nchini mwake.

"Unajua, shangazi," akasema, "leo hamjibu mtu."

Nilipatafuta ndani ya wimbo mahali ambapo adui angeweza kuwa amejificha. Sikupaona. Akairudisha video mwanzo, tukaitazama tena, na mara hii hakuna aliyezungumza.